Finjani Niliyoiweka Chini

Mmeniomba niandike kidogo juu ya kazi, nyinyi mliobaki pale ofisini, na mkanipa na kalamu ya zawadi ili nisipate udhuru. Basi naandika. Lakini nawaambia mapema kwamba sitasema nani alipandishwa cheo na nani alirukwa, maana hayo mnayazungumza kila siku kuliko mnavyozungumza kazi yenyewe. Nitaandika nilivyoanza, nani alinifundisha, na faili moja lililokuwa la mtu mwingine likageuka kuwa la maisha yangu. Akitokea mmoja wenu kusoma haya huku ana faili la mtu anayengoja jibu, kalamu itakuwa haikupotea.

Nilifika Ibra, bara ya Omani, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Ibra kwa ukoo, lakini alizaliwa Unguja kama mimi, na mji wenyewe alikuwa akiusikia kwa babu yake tu. Watu walisema tumerudi. Sisi wawili tulikuwa hatujawahi kufika. Tukapewa nyumba ya udongo ya wazee wake, tukaitengeneza paa, na kabla ya mwaka kuzunguka homa ikamchukua. Mama yangu na dada yangu walikuwa Matrah, karibu na Maskati. Mimi nikabaki Ibra kukaa eda, pamoja na shangazi yake marehemu, Bi Thuwaiba, mzee mwenye roho nzuri sana ambaye alikuwa hasikii hata umpigie ngoma.

Eda ilipokwisha, jamaa wa mume wangu wakaniambia kuna ofisi ya vibali inafunguliwa na anatafutwa mtu ajuaye kupiga taipu kwa Kiingereza. Mimi nilijifunza Unguja, kwa mwalimu wa Kigoa aliyekuwa akitupiga vidole kwa rula. Mwanamke ofisini! Walisema sana. Lakini mashine ilikuwa imekwisha kuletwa, imekaa mezani na vumbi, na hapakuwa na mwanamume hata mmoja aliyeijua. Mashine ndiyo iliyonisemea.

Siku ya kwanza wakanipa chumba cha nyuma. Kilikuwa ghala ya tende, na sakafu ilikuwa bado inanata. Nilikuwa nikinyanyua mguu, kiatu kinabaki. Sisimizi waliingia mpaka kwenye karatasi za kaboni. Mlango wa chumba ulitokea uani, na palikuwa na dirisha dogo la kupokelea wanawake, ili wasipite kwa wanaume. Wanaume walikuwa chumba cha mbele, kwenye mkeka, na mlango baina yetu ulikuwa unafungwa. Nilifanya kazi mwezi mzima bila ya kuona sura ya mudir wetu, mkuu wa ofisi, Sheikh Hamud. Nilimjua kwa kikohozi.

Aliyenifundisha ni Bwana Seif, karani mkuu, mtu wa Unguja pia, aliyekuwa amezeekea kwenye maofisi kabla mimi sijajua kusoma. Alikuwa akiniletea faili mwenyewe, anabisha mlango kwanza, anasema, "Hodi, Bi Zuwena," kama anaingia nyumbani kwa watu. Alinifundisha kusoma tarehe ya kibali kabla ya kutazama picha. Alisema sura itakufanya uhurumie au uchukie, na vyote viwili vinachelewesha. Alinifundisha pedi ya wino ikikauka kwa joto isitiwe maji, inaharibika. Ifungwe kwenye kitambaa na iwekwe chini ya jahla, ule mtungi wa maji unaotundikwa, usiku kucha ule unyevunyevu wake unairudisha. Nyinyi mna pedi za plastiki zisizokauka. Nakuonyesheni tu kwamba tulihangaika.

Na ni yeye aliyenifundisha jambo la watu wanaongoja. Nalieleza kwa sababu baadhi yenu bado mnalikosea. Mtu ana kibali cha kazi, kinakaribia kwisha, anaomba kuongezewa kabla ya siku yake. Vizuri. Faili linakwenda Maskati na gari la barua, na Maskati lina safari zake. Huku nyuma kibali kinakufa. Sasa huyu mtu ni nani? Kanuni ilisema asiye na kibali hai asifanye kazi. Kanuni hiyohiyo ilisema aliyeomba asitoke nchini mpaka apate jibu, akitoka ombi lake limekufa. Basi mtu anakamatwa mikono yote miwili. Hawezi kufanya kazi na hawezi kwenda kwao.

Bwana Seif alikuwa akiandika nyuma ya risiti ya ombi maneno machache: yuko taht al-ijraa, yaani shughuli yake inaendelea, na aendelee na kazi yake mpaka jibu lije. Mudir anapiga muhuri. Kwa maneno hayo mwalimu mmoja wa Kisudani alisomesha hesabu msimu mzima bila ya mtu kumgusa, na mchimba visima wa Kipakistani, kijana aliyehitimu uhandisi kwao Karachi, hakulala njaa. Hayakuandikwa katika kanuni, na hayakukatazwa.

Lakini kazi yenyewe, wanangu, ilikuwa kwenye kahawa. Hili ndilo lililonichukua miaka kulifahamu. Kila asubuhi dalla, lile birika la kahawa, inaletwa, tende zinaletwa, na wenye shida zao wanakuja kukaa na mudir kwenye mkeka. Hakuna anayetaja shida. Wanaulizana habari za mvua, za ngamia, za nani kaoa. Kikombe cha kwanza, cha pili, mtu anatikisa finjani yake kuonyesha amekinai, ndipo mudir anasema, "Na lile faili la jamaa yenu?" Adhuhuri limekwisha kutiwa sahihi. Faili zangu mimi, za wanawake wa dirishani, nilizipiga taipu safi, herufi zimesimama sawasawa, nikazipeleka zikapangwa juu ya meza yake. Baada ya wiki nikazikuta chini kabisa.

Khalfan farashi, yaani tarishi wa ofisi, aliyekuwa akipika kahawa ile, ndiye aliyeniambia. Yeye alikulia Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kifupi, hakina sukari.

"Bint Said," akasema, "faili zako hazina mtu wa kuzinywea kahawa."

"Mimi nitazinyweaje, Khalfan? Nikakae na wanaume?"

"Mi nakwambia tu."

Bwana Seif akiwepo alikuwa anazichukua mbili tatu, anakwenda kuzinywea. Kisha wanawe wakaja wakamchukua kumpeleka Maskati, na pale ofisini Kiswahili kikanibakia cha Khalfan, maneno kumi kwa siku. Nyumbani ni Bi Thuwaiba, hasikii hata adhana. Palikuwa na Waswahili wengine mjini, tena wengi, na wanawake wao walikuwa wakikaa alasiri barazani ndani kwa ndani, wakisuka na kucheka. Nilikwenda. Walinipokea vizuri, na nikikaa tu mazungumzo yanabadilika. Mwanamke anayefanya kazi na wanaume hawakujua wamsengenye au wamuonee huruma, na nikiwapo hawakuweza kufanya hata moja. Nikaacha kwenda. Nikawa natoka ofisini, napita kando ya falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba, nafungua mlango wangu, na maneno ya mwisho niliyoyasema mchana ndiyo yanayobaki kinywani mpaka asubuhi. Upweke ule sikuuzoea. Watu husema utazoea, nami nawaambia sikuzoea.

Mama yangu alianza kupoteza macho miaka ile. Nikaandika ombi la kuhamishwa Maskati. Sheikh Hamud akalitia kwenye mtoto wa meza, akasema kupitia kwa Khalfan, "Na Kiingereza atapiga nani?" Mwaka uliofuata nikaandika tena. Wakasema nikitaka iko nafasi Nizwa. Nizwa mama yangu hayupo, nikakataa. Kila mwaka nikaandika, kila mwaka kwenye mtoto wa meza, mpaka mwenyewe nikaona haya kuliandika.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, asubuhi moja, nikasikia dirishani, "Shikamoo, bibi."

Nilikuwa nimeinama kwenye mashine. Nilikaa kidogo kabla ya kunyanyua kichwa, kwa sababu neno lile nilikuwa sijalisikia kwa kinywa cha kijana kwa muda mrefu, na niliogopa nimelisikia vibaya.

"Marahaba, mwanangu. Nani wewe?"

Jina lake Zaituni. Alizaliwa Mombasa. Bibi yake mzaa mama alikuwa mtu wa Ibra, na kaka wa yule bibi ndiye aliyemleta Omani akiwa msichana, akamtia chuo cha uuguzi Maskati. Alihitimu. Wageni waliohitimu walikuwa wakipewa kibali cha mwaka mmoja wafanye kazi, kisha waombe kuongezewa. Yeye akapangiwa hospitali ya hapa Ibra, wadi ya wazazi. Mwaka ulipokaribia kwisha akaomba, kwa wakati, karatasi zote safi. Nilizitazama nikaona mtu huyu hata pini za karatasi kazipiga sawasawa. Faili likaenda Maskati likanyamaza. Kibali kikafa, na mkuu wake wa wadi, mama wa Kihindi mwenye kufuata kanuni, akamwambia avue sare mpaka jibu lije.

"Na bweni?" nikamuuliza.

"Bweni ni la walio kazini. Wameniambia nitoke Alhamisi."

"Jamaa wa bibi yako je?"

"Mjomba mkubwa kafa. Wanawe wasema mie mtoto wa babangu, na babangu si wao." Akasema bila ya kulia, kama anasoma orodha ya vifaa. "Sina mtu wa kuja kuketi huko mbele, bibi. Ndio nimekuja kwako."

Nikamwambia alete sanduku lake nyumbani kwangu.

Alikaa miezi. Nataka mjue ilikuwa miezi mizuri. Alipika mahamri, akaniudhi kwa kusema Waunguja hatujui kuyakanda, nikamwambia na nyinyi Mombasa hamjui kuyala, mnayatupia kinywani kama mnatia mkaa. Bi Thuwaiba alimpenda kwa sababu alimshika mapigo ya moyo kila asubuhi. Nikitoka kazini, mtu ananiuliza, "Siku yako vipi?" Kumbe nilikuwa na mengi ya kusema. Nilizungumza mpaka sauti inakauka. Nilikuwa nimekaribia kupata mtoto bila ya kuzaa.

Lakini yeye alikuwa akikauka mbele ya macho yangu. Kibali kile kiliandikwa kwa nafasi yake hospitalini. Nafasi ikienda, ombi halina kitu cha kushika. Na hospitali ilikwisha kusema itamngoja mpaka baada ya Sikukuu ya Mfungo Tatu, kisha itaomba muuguzi mwingine kutoka India. Maskati wangeweza kumjibu ndiyo mwezi baadaye, na isingemsaidia kitu. Kwao Mombasa walikuwa wanamtegemea. Angerudi na cheti ambacho angeanza upya kukitafutia kazi, na sanduku.

Mchana mmoja mke wa jirani akashikwa na uchungu kabla ya wakati wake. Wakaja mbio kwetu, "Yuko wapi yule daktari wenu?" Zaituni akasimama mlangoni, uso umemwiva, mikono kaificha nyuma ya mgongo. Nikamwona anaikamata kwa nguvu mwenyewe. Akimgusa yule mwanamke na likatokea la kutokea, hana kibali, watasema alizalisha kinyume cha sheria, na huo ndio mwisho wake. Akawaambia, "Mlalisheni ubavu wa kushoto, mtieni garini, nendeni hospitali, msimpe kitu." Akasimama vile vile mpaka gari ikatoweka. Mtoto alizaliwa salama, alhamdulillahi. Lakini Zaituni aliingia ndani akakaa sakafuni, na hapo ndipo nilipomwona analia.

"Mikono yangu hii, Bi Zuwena," akasema. "Wanifundisha miaka yote ile, sasa naificha kama mwizi."

Kesho yake nikabisha mlango wa mbele. Sheikh Hamud alikuwa peke yake. Mtu wa Sharqiya, ndevu nyeupe, mkali wa heshima yake, na si mbaya; msije mkadhani nilikuwa na mudir mbaya. Aliwahi kukemewa na Maskati kwa barua juu ya maneno yale ya Bwana Seif, na barua ile ilimwingia.

"Bwana Seif alikuwa akiandika waendelee na kazi," nikamwambia kwa Kiarabu changu cha jikoni.

"Seif kaondoka na kalamu yake. Ma shay nass, ya Zuwena. Hakuna andiko."

"Andiko la kumkataza pia hakuna."

"Basi na tungoje." Akavuta faili jingine. Faili la Zaituni likarudi chini.

Sasa nakuja kwenye finjani. Ilikuwa wiki mbili tatu kabla ya Sikukuu. Mimi nilikuwa nimefunga, nalipa siku zangu za Ramadhani. Nyinyi wanawake mnajua kwa nini tuna siku za kulipa, na mnajua pia kwamba si jambo la kutangaza mbele ya wanaume. Nilikuwa nimepeleka karatasi za kutiwa sahihi, nikakuta chumba kimejaa. Walikuwapo wageni, mabedui wa mchangani, wazee wenye heshima, na kati yao mzee mmoja mkavu mwenye jicho moja ambaye hata Sheikh Hamud alimpisha mahali pake. Nikataka kurudi. Sheikh Hamud siku ile alikuwa na furaha ya wageni, akataka waone kwamba ofisi yake ni ya kisasa, ina mwanamke anayejua Kiingereza.

"Taali, ya Bint Said. Taqahwi," akasema. Njoo unywe kahawa.

Miaka yote ile, hiyo ndiyo mara ya kwanza. Na Khalfan, maskini, hajui lolote, akanimiminia akanipa.

Fikirini. Kuikataa kahawa ya mwenye nyumba mbele ya wageni wake ni kumtia aibu. Kuinywa siwezi. Kusema nimefunga, si mwezi wa kufunga na si siku ya sunna, kila mwenye mke pale angejua ninalipa nini. Kwetu Unguja mtu akipewa kahawa asiyoitaka anaiweka kando, hakuna wa kumtazama. Basi nikaipokea kwa mkono wa kulia, nikachutama pembeni, na polepole nikaiweka chini kwenye mkeka, mbele yangu, imejaa. Nilikuwa napima namna ya kuondoka.

Mtu aliyekuwa anatafuna tende aliacha kutafuna. Nikamtazama Khalfan, Khalfan anatazama dari.

Yule mzee wa jicho moja akasema, "Ya Hamud, mwanamke ameiweka chini finjani yako."

Sikujua. Wallahi sikujua. Kwao wao, mgeni akiwa na haja kubwa, haja ya damu au ya heshima, hapigi kelele. Anaiweka kahawa chini bila ya kuigusa, na mwenye nyumba lazima aulize, na akitaka jina lake libaki, lazima ampe. Mimi nilikuwa nimefanya mbele ya wazee wa mchangani jambo ambalo wanaume hulifikiria mwaka mzima kabla ya kulifanya.

Sheikh Hamud akabadilika rangi. Akanitazama, akawatazama wageni wake. Kisha akakaa sawa.

"Ishrabi gahwatish, ya Bint Said," akasema. "Haajtish maqdhiya." Kunywa kahawa yako, haja yako imekwisha kutimizwa. Hata hakuuliza ni ipi.

Nilifahamu pale pale, kwa namna walivyokuwa wakinitazama, kwamba nimepewa kitu na sitapewa tena. Na neno lililonijia kinywani lilikuwa Maskati. Ombi langu liko kwenye mtoto wa meza, hatua chache tu kutoka nilipochutama. Mama yangu anapapasa ukuta kwenda msalani. Ningesema neno moja, na wiki ile ile ningelala nyumbani kwa mama. Nililiona hata jamvi lake. Nawaambieni kweli, sikumfikiria Zaituni kwanza. Nilijifikiria mimi.

Kisha nikaiona mikono yake nyuma ya mgongo.

"Yule muuguzi aliyehitimu kwetu," nikasema. "Zaituni. Umwandikie arudi kazini mpaka jibu lake lije."

"Tayari," akasema Sheikh Hamud, na nikamwona anashusha pumzi. Nadhani aliogopa nitaomba kubwa zaidi. "Haya, kunywa."

Hapo ndipo nilipokwama kweli. Nikainamisha uso, nikasema, "Nitainywa magharibi, inshallah. Nimefunga."

Yule mzee wa jicho moja akaanza kucheka. Alicheka mpaka kilemba kikamteremka. "Kafunga!" akasema. "Ya Hamud, mwanamke kafunga tu! Hakuwa na haja!" Akapangusa jicho lake. "Lakini neno lako limekwisha kutoka."

"Limetoka," akasema Sheikh Hamud, na hata yeye akatabasamu kidogo, kwa uchungu wa mtu aliyeuza ngamia kwa bei ya mbuzi. Akamwita Khalfan alete muhuri. Akaandika mbele yao, kwa mkono wake, yale yale maneno ya Bwana Seif.

Jioni Khalfan akabisha mlangoni kwangu na dalla imefungwa kwa kitambaa. "Mudir anasema deni lako la kahawa," akasema, akaenda zake. Adhana ilipoadhiniwa tukainywa mimi na Zaituni, tende na kahawa, na karatasi ile ameiweka mapajani, kila mara anaifungua kuitazama kama itafutika. Bi Thuwaiba anatuuliza kwa ukelele kuna nini, kuna nini. Tulicheka sana. Asubuhi Zaituni akavaa sare yake. Jioni akaja kuchukua sanduku lake, maana bweni limemrudia. Lilikuwa karibu na wadi, na muuguzi anaitwa wakati wowote. Hapakuwa na la kusema. Nilimsindikiza mpaka falajini. Niliporudi nikasahau nikapika kwa watu watatu.

Tangu siku ile Sheikh Hamud alirudisha maneno yale kwa wote waliohitimu wakingoja, maana alisema hawezi kumpa mmoja kwa kahawa na kuwanyima wengine. Ndiyo maana mnayo mpaka leo kwenye muhuri ule wa mstatili. Mmoja wenu aliwahi kuniuliza muhuri ule umetoka wapi. Umetoka hapo.

Jibu la Zaituni lilikuja tende zilipokwisha kuvunwa. Wamemkubalia, na si mwaka tena, ni zaidi. Lakini walimtaka Maskati, hospitali kubwa, wadi ya wazazi imepungukiwa watu. Alikuja kuniambia amesimama, hakutaka kukaa.

"Khalfan kanieleza," akasema. "Ombi lako lilikuwa mezani pale pale. Ungeomba lako, Bi Zuwena."

"Langu lilikuwa linangoja. Lako lilikuwa linakufa."

Akanibusu mkono. Nikampa anwani ya mama yangu, Matrah, nyuma ya soko, mlango wa kijani, nikamwambia akipita ampelekee salamu zangu. Nilisema hivyo kama mtu anavyosema, sikutarajia kitu.

Alikwenda kila Ijumaa. Alimkata kucha, alimwosha macho, alimsomea barua zangu. Mimi nilikuwa nikishuka Sikukuu kwa Sikukuu, kwa ruhusa ya siku chache, na kila nikifika nakuta nyumba inanukia mahamri. Mama alipolala kitanda cha mwisho ruhusa yangu ilichelewa, na nilipofika walikuwa wamekwisha kumzika, wamerudi kutoka makaburini. Zaituni akanivuta pembeni, anaogopa nitakasirika. Akaniambia siku za mwisho mama alikuwa akimshika mkono akimwita Zuwena. "Nikamwitikia, bibi. Nikasema labeka, mama. Sikuwa na moyo wa kumkosoa."

Sikukasirika. Niliona wivu, wivu mkali, nausema ulivyokuwa. Kisha nikamshukuru, na nimekuwa nikimshukuru tangu wakati ule, lakini wivu ulikuja kwanza.

Baada ya hapo sikuandika tena ombi la kuhama. Maskati hapakuwa tena na mtu wa damu yangu wa kumhamia. Dada yangu alikwisha kumfuata mumewe Bahrain. Bi Thuwaiba akafa. Khalfan akastaafu akafa, na Kiswahili ofisini kikafa naye, mpaka mlipokuja nyinyi mnaokisoma. Sheikh Hamud aliondoka kwa heshima zake, na kila alipopita kunisalimu aliniuliza, "Umefunga leo?" Nikawa na dirisha langu, mashine ya Kiarabu niliyojifunza kwa vidole viwili, na watu wanaongoja. Niseme ukweli, kungoja kwao kulinipa kitu cha kufanya na kungoja kwangu.

Siku yangu ya mwisho mlikuwapo, lakini hamkuona. Mudir wenu mpya, kijana msomi, mwenye adabu, alinikalisha kwenye kiti cha ngozi mbele yake. Yule mhudumu wa Kihindi akaleta thermosi, akanimiminia kahawa. Nilikuwa sijafunga. Nikaipokea kwa mkono wa kulia, nikaiweka chini, mezani, mbele yake, imejaa, nikamtazama.

Haja yangu nilikuwa nayo tayari. Haikuwa kubwa. Nilitaka kumuomba aniachie kile kiti cha dirishani, nije asubuhi mbili tatu katika wiki, bila ya cheo, bila ya kitu, nipange risiti, nizifunge pedi za wino, nimsikie mtu akisema hodi. Nyumbani sina wa kumwambia siku yangu imekuwaje. Nikangoja aniulize.

Alikuwa anaeleza juu ya zawadi na picha. Kisha akaiona finjani.

"Khala Zuwena, kahawa imepoa? Akuletee Neskafe?"

"La, mwanangu," nikasema. "Iko sawa."

Nikaichukua nikainywa. Ilikuwa bado ya moto.